Niambie Kazi Yako Kwanza: Maswali ya Wasomaji Kuhusu Misuli, Mizigo na Kansa

Toleo lililopita niliomba kitu kimoja tu, msiniandikie majina, niandikieni kazi mnayofanya. Wengine mkanuna, eti mama huyu anataka kutuchunguza. Jamani hapana. Mwaka 1700 daktari mmoja Mtaliano, Bernardino Ramazzini, alitoa kitabu kizima cha magonjwa ya watu wa kazi mbalimbali, na humo akawaambia madaktari wenzake kwamba kwenye yale maswali wanayomuuliza mgonjwa waongeze moja: unafanya kazi gani? Miaka zaidi ya 300 imepita, mi mwenyewe nimefanya kazi ya fizio hapa Mwanza mpaka nywele zimegeuka rangi, na bado unafungua faili la mgonjwa unakuta umri, dini, namba ya simu ya ndugu, ila kwenye kazi pameandikwa "mkulima" wakati mtu anashona suti mjini. Basi sisi tunaanzia hapo.

FUNDI CHEREHANI, MAKOROBOI

Shikamoo mama. Nashona sare za shule, nina kama miezi mitano kuna kitu kigumu kati ya shingo na bega la kulia, ukikibonyeza maumivu yanapanda mpaka kichwani. Nikiwa na oda nyingi ndo kinazidi, Jumapili nikipumzika kinapungua. Jirani yangu wa meza kasema shangazi yake alianza hivyohivyo ikawa kansa. Silali. Diklofenaki nimekunywa mpaka tumbo linawaka.

Marahaba mwanangu. Kwanza hizo diklofenaki acha, tumbo likiwaka maana yake limeshakuambia, na kama unaona choo cheusi kama lami usingoje toleo lijalo, nenda hospitali leo.

Sasa turudi begani. Umeniandikia jambo moja kubwa bila kujua, kwamba Jumapili kinapungua. Kansa haijui Jumapili. Kitu kinachofuata ratiba ya oda zako ni kitu cha kazi, na hicho kigumu unachokibonyeza kwa maelezo yako ni msuli wenyewe, ule unaoshuka kutoka shingoni mpaka kwenye bega, umekaza na umekataa kuachia.

Kwa nini ukatae? Ngoja nikueleze maana hili watu hawaambiwi. Mwaka 1954 timu mbili za watafiti, Andrew Huxley na Rolf Niedergerke upande mmoja, Hugh Huxley na Jean Hanson upande mwingine (hao wawili wana jina moja tu la ukoo, si ndugu), walionyesha kwamba msuli ukikaza, nyuzi zake ndogondogo haziwi fupi, zinateleza, moja inaingia katikati ya mwenzake kama unavyopachika vidole vya mkono mmoja katikati ya vidole vya mkono mwingine. Nyuzi za aina moja zinaitwa aktini, zingine mayosini, na mayosini ina vichwa vidogo vinavyoshika aktini na kuivuta. Kitu watu wasichojua ni kwamba vile vichwa vinahitaji nguvu kuvuta na vinahitaji nguvu pia KUACHIA. Ndo maana maiti inakakamaa, nguvu zimeisha, vichwa vimeganda vimeshika. We hujafa, ila msuli uliokazwa saa nzima bila kusogea unajibana wenyewe, damu inapita kwa shida, na nguvu ya kuachia inapungua palepale.

Alafu kuna hili. Mwaka 1991 mtafiti wa Sweden, Göran Hägg, alitoa dhana kwamba kwenye kazi nyepesi nyuzi zilezile chache za msuli ndo zinaitwa kazini za kwanza na ndo zinaruhusiwa kupumzika za mwisho. Mfikirie dada wa kazi, anaamka wa kwanza nyumba nzima na kulala wa mwisho, na hakuna anayemuona maana hanyanyui gunia. Bega lako halibebi chochote, limeinuliwa tu kidogo kuelekea sikioni, saa nane kwa siku. Uzito mdogo, muda mrefu. Kuli anaweza kunyanyua mzigo akautua, we hutui.

Wiki iliyopita nilipita Makoroboi kutafuta zipu nikasimama makusudi kuangalia mnavyokaa. Fundi mmoja kakalia ndoo ya rangi aliyoigeuza, meza ya cherehani inamfika kifuani karibu, viwiko viko juu kama kuku anayetaka kuruka, kichwa kimeinama mpaka kidevu kinagusa shati kwa sababu taa iko nyuma yake na kivuli chake mwenyewe kinamfunika sindano. Nikamwambia baba, simama. Tukakunja gunia mara nne tukaweka juu ya ndoo, viwiko vikashuka vikawa sawa na meza, kile kitaa tukakifunga mbele kwa waya. Gharama yake ilikuwa waya. Na wewe fanya hivyo, alafu badili mpangilio wa kazi: usishone sare 40 mfululizo ndo uje upige pasi zote jioni, shona tano, nyanyuka ukapige pasi hizo tano, rudi. Pasi ndo mapumziko ya bega, na kushona ndo mapumziko ya miguu. Kitambaa cha moto begani usiku kinasaidia, na yule kijana anayekukanda asitumie kiwiko kama anatwanga kisamvu.

Kansa inayoanzia kwenye msuli wenyewe ipo ila ni nadra sana, na ile maarufu zaidi huwapata hasa watoto. Uzi wa msuli uliokomaa haujigawi tena, na kansa ni ugonjwa wa chembe zinazojigawa bila breki. Lakini sitaki useme mama kasema hakuna kansa ya nyama. Uvimbe unaokua wiki hadi wiki, ulioko chini ndani ya nyama, uliofika ukubwa wa limao au kupita, huo ukapigwe utrasaundi hata kama hauumi. HASA kama hauumi. Na yule jirani yako mwambie akae na shangazi yake kwa amani.

MWANIKA DAGAA, IGOMBE

Mwangaluka mayu. Nabeba dagaa wabichi kichwani kutoka kwenye mitumbwi hadi kwenye chanja, safari nyingi kila asubuhi. Binti yangu wa chuo anasema nitavunja shingo, nibebe mgongoni kama Wazungu. Jioni pia nabanika samaki jikoni, huo moshi je?

Mwangaluka mayu. Binti yako ana haki nusu.

Mwaka 1986 watafiti walichapisha kipimo walichofanya Kenya, kwa wanawake wa Kijaluo wanaobeba kichwani na wa Kikikuyu wanaobeba mgongoni kwa mkanda wa kwenye paji la uso. Waliwatembeza kwenye mashine ya kutembelea wakipima hewa wanayovuta. Wakakuta kwamba wale waliozoea wakibeba mpaka asilimia 20 ya uzito wa mwili wao, mwili hautumii nguvu ya ziada yoyote, ni kama wanatembea mikono mitupu. Kuanzia hapo kwenda juu ndo nguvu inaanza kulipwa. Baadaye, mwaka 1995, ikaelezwa kwamba siri iko kwenye mwendo, mwili wa aliyezoea unabembea kama timazi, nguvu ya hatua moja haipotei inaingia kwenye hatua inayofuata. Nani kati yetu hajamuona mama akishuka kilima na ndoo, mikono chini, anaongea, maji hayamwagiki?

Ila piga hesabu. Kama una kilo 60, asilimia 20 ni kilo 12. Ndoo ya lita 20 ya maji ni kilo 20, na beseni la dagaa wabichi waliojaa mpaka wanamwagika nalo si kilo 12, we mwenyewe unajua. Na kutotumia nguvu nyingi si sawa na shingo kuwa salama, maana walipopimwa wanawake wa Kixhosa huko Afrika Kusini ile nafuu haikuonekana kwa wote na wengi walilalamika shingo. Kwa hiyo ningekuwa mimi ningebaki kichwani, ngata nzuri ya kitenge iliyokaa katikati, beseni nusu, safari ziongezeke. Najua mnalipwa kwa beseni. Mwambie mwenye dagaa alipe kwa sado, mzozo wake ni mdogo kuliko wa shingo.

Sehemu ya hatari zaidi si njiani, ni pale unapoinama ndani ya mtumbwi, mgongo umepinda, miguu inateleza, unanyanyua huku unageuka. Wataalamu wa Marekani mwaka 1991 waliweka kikomo cha kilo 23, na hiyo ni kwa hali nzuri kabisa, mzigo uko karibu na tumbo, hujipindi, pa kushika pazuri. Ukiinama na kugeuka kikomo kinashuka sana. Tafuta mtu wa kukutwisha, we usijitwishe. (Makuli wa Mwaloni mnaosoma hapa: shirika la kazi duniani tangu 1967 linashauri mtu mzima mwanaume asibebeshwe zaidi ya kilo 55, na mie nimeona kwa macho yangu lumbesa linapita kilo mia mgongoni mwa kijana mmoja huku tajiri anamhimiza. Lumbesa ni wizi mara mbili, unamwibia mkulima na unamwibia kuli uti wa mgongo.)

Moshi sasa. Hapa ndo ningetaka binti yako apige kelele. Mwaka 1775 daktari wa London, Percivall Pott, aliona vijana waliokuwa wanasafisha mabomba ya moshi wanapata kansa ya ngozi ya korodani, akasema ni masizi. Ilikuwa mara ya kwanza kansa kuunganishwa waziwazi na kazi. Moshi wa kuni ndani ya nyumba leo uko kwenye orodha ya IARC, lile shirika la WHO la utafiti wa kansa, kundi la vitu ambavyo huenda vinaleta kansa, mbali na macho na kifua ambavyo huharibika bila mjadala. Hauumi, umeuzoea, unakohoa unasema ni baridi ya ziwa. Toa tanuru nje, weka upande ambao upepo unakupiga mgongoni, na watoto wasikae pale kuota moto.

MWALIMU WA MSINGI, NYEGEZI

Kazi yangu ni kusimama ila naulizia baba. Amepasuliwa kansa ya utumbo mpana, sasa anamalizia kemo, zile dawa za kuua kansa. Amekonda sana, suruali zote zinaanguka. Ndugu wamekuja kutoka kijijini wanamkataza hata kwenda chooni mwenyewe, wanasema apumzike damu irudi. Yeye anataka kutembea.

Pole mwalimu, na shikamoo kwa mzee.

Kukonda kwa kansa si kukonda kwa njaa. Mtu mwenye njaa mwili unakula mafuta kwanza, lakini kwenye kansa mwili unakuwa kama una vita ndani, unavunja msuli hata kama uji unaingia, ndo maana ndugu wanapika supu ya sangara kila siku na mzee bado anapungua, wanaishia kulaumiana. Hiyo hali ina jina, kakeksia, na madaktari wanaihesabu mtu akipoteza zaidi ya asilimia 5 ya uzito ndani ya miezi 6 bila kutaka. Waambie madaktari wake suruali zinaanguka, taja kilo, usiseme tu "amedhoofu kidogo".

Sasa ongeza kitanda juu yake. Msuli usiotumika unayeyuka kwa siku, si kwa miezi, na mtu mzima anayelala mfululizo anapoteza mapaja kwanza, akisimama anaanguka, ndugu wanasema unaona, tulisema apumzike. Nimeliona hilo sana, na sikuwahi kushinda mabishano na shangazi aliyetoka Ukerewe na kuku mkononi.

Mwaka 2025 yalitoka majibu ya utafiti mkubwa uliofanyika zaidi Kanada na Australia, watu 889 waliotibiwa kansa ya utumbo mpana kama baba, wameshamaliza upasuaji na kemo. Nusu walipewa maelezo ya karatasi, nusu wakapewa mtu wa kuwasimamia mazoezi kwa miaka 3, na kwa wengi zoezi lilikuwa kutembea kwa haraka mara tatu nne kwa wiki. Baada ya miaka 5, waliokuwa hai bila kansa kurudi walikuwa asilimia 80 upande wa mazoezi na 74 upande wa karatasi. Kutembea, mwalimu. Ila soma vizuri, hao walikuwa wameshamaliza dawa na wana nguvu, baba hajafika huko, kwa hiyo sisemi aanze kupanda kilima cha Bugando kwa miguu.

Aanze na kiti. Akae, asimame bila kushika kama anaweza, mara tano, asubuhi na jioni, mtu yuko karibu. Aende chooni mwenyewe. Jioni mpaka kwa jirani na kurudi. Siku ya kemo na siku mbili za baada, akitaka kulala mwacheni alale. Na muulize daktari wake jambo moja kabla: je kansa imegusa mifupa? Kama ndiyo, mazoezi yanapangwa tofauti. Akianza kuumwa mgongo usiku hata akiwa amelala, miguu ikawa mizito au mkojo ukaanza kutoka wenyewe, hiyo ni dharura ya saa hiyohiyo, uti wa mgongo unabanwa, msimkande.

(Na kwa wote: mgongo unaouma usiku, na homa za jioni, na kukonda, kwetu huku fikirieni pia kifua kikuu cha uti wa mgongo, ambacho kinapona kwa dawa. Kinaitwa ugonjwa wa Pott, yuleyule Pott wa masizi.)

MLIMA MPUNGA, MISUNGWI

Nikilima kwa nguvu mkojo unatoka na damu kidogo mwishoni. Hauniumi. Wazee wanasema ni kazi, misuli imechujwa. Ni miaka sasa.

Wazee wako wamegusa kitu cha kweli ila si chako. Msuli uliopondwa kwelikweli, mtu kafukiwa na kifusi au kakimbizwa kwenye mazoezi makali kuliko alivyozoea, unamwaga rangi yake nyekundu kwenye damu na mkojo wote unakuwa kama chai ya rangi au soda nyeusi, na mtu anaumwa mwili mzima. Hiyo inaua figo, ni ya kukimbilia hospitali. Yako ni damu ya mwishoni mwa mkojo, bila maumivu, kwa mtu anayesimama kwenye maji ya jaruba. Kaka, hicho ni kichocho mpaka maabara waseme vinginevyo.

Na si kile cha ufukweni. Wavuvi wa ziwani wanapata zaidi kile cha tumbo, kinachoharibu ini. Cha kibofu kinapenda madimbwi na majaruba kama ya kwenu, konokono wake ni wengine. Mayai yake yanakwama kwenye ukuta wa kibofu yanakichubua mwaka hadi mwaka, na tangu 1994 IARC wamekiweka kwenye kundi la kwanza, yaani vitu vinavyoleta kansa kwa uhakika, kansa ya kibofu. Dawa ni prazikwanteli, unapimwa unapewa kwa uzito wako, siku moja. Kwa kuwa umesema miaka, usitosheke na vidonge, omba utrasaundi ya kibofu, na damu ikiendelea baada ya dawa sema tena kwa sauti. Nenda na watoto wanaoogelea hapo.

BODABODA, BUHONGWA

Napiga chuma jimu. Mwalimu anasema yale maumivu ya kesho yake ni asidi imebaki kwenye misuli. Kweli?

Si kweli, hiyo asidi inaondoka ndani ya kama saa moja. Maumivu ya kesho ni michubuko midogo kwenye nyuzi na mwili unaikarabati, kuna chembe maalum zilizolala pembeni ya uzi zikingoja kazi hiyo, Alexander Mauro alizigundua 1961. Maharage, dagaa na mayai yanatosha, huo unga wa kopo ni hela ya mafuta ya pikipiki. Na vioo vya pembeni virekebishe uone nyuma bila kugeuza shingo, nina uhakika umevilegeza kwa ajili ya urembo.

MAMA NTILIE, IGOGO

Binti yangu wa darasa la tano kachanjwa shuleni chanjo ya kansa ya mlango wa kizazi, dozi moja tu. Dada yake zamani alipata mbili. Wametupunja?

Hawajawapunja mama, na sehemu ya ushahidi imetoka hapahapa mjini. Kuanzia 2017 wasichana 930 wa Mwanza, miaka 9 hadi 14, waliingia kwenye utafiti uliolinganisha dozi 1, 2 na 3, na baada ya miaka 2 karibu wote wa dozi 1 walikuwa bado na kinga kwenye damu. Kenya nao, Kisumu ikiwemo, walifuatilia wanawake vijana 2,275, dozi moja ikazuia maambukizi mapya ya vile virusi vibaya zaidi vinavyoleta kansa hiyo kwa zaidi ya asilimia 97 ndani ya miezi 18. Ndo maana Tanzania iliyoanza na dozi mbili 2018 ikahamia moja 2024. Binti kama ana VVU mueleze muuguzi, mpango wake ni tofauti.

Wewe je, umepima? Chanjo ya mtoto haikulindi wewe. Wanapaka siki kwenye mlango wa kizazi, wanaangalia kama pamegeuka weupe, dakika chache umerudi kwenye sufuria zako.

Nimebakiwa na barua moja isiyo na kazi, imeandikwa tu "mgongo unaniuma nisaidie". Kazi gani?